Kanali, kamba, na mbuzi wa saa kumi na moja

Najua nimekaa kimya kwa muda mrefu, na wapo wanaongoja sehemu ya pili ya makala yangu kuhusu hifadhidata. Niwieni radhi, itakuja. Leo naomba niandike juu ya mbwa. Naam, mbwa! Usifunge ukurasa kwanza. Miaka yote niliyokaa mbele ya tarakilishi nikisaka hitilafu katika programu za watu, sijakutana na hitilafu iliyonitoa jasho kama hii. Soma hadi mwisho, kisha uamue mwenyewe kama ilistahili kuwekwa hapa.

Mbwa mwenyewe ni German Shepherd, dume, kilo 36 kwenye mizani ya daktari wa mifugo. Nilimpata akiwa na miezi minane kutoka kwa mtu aliyekuwa akihamia ng'ambo. Kwa ushamba wetu sisi watu wa programu nilimpa jina Keneli, yaani kile kiini cha mfumo endeshi kinachosimamia kila kitu ndani ya mashine. Soja wetu wa geti akasikia Kanali. Siku ile ile akampigia saluti. Nilijaribu kumsahihisha mara mbili tatu nikachoka, na kufikia mwisho wa mwezi mtaa mzima ulikuwa ukisema Kanali, na mbwa mwenyewe alikuwa akiitikia Kanali. Basi, akawa Kanali.

Tunaishi Ongata Rongai, upande ule ambao nyumba za kupanga zinaanza kupungua na malisho yanaanza. Jioni, kuanzia kama saa 11, mbuzi na kondoo hurudi nyumbani wakipita barabara ya vumbi mbele ya geti letu. Ukiwa huna mbwa, ni mandhari mazuri sana. Ukiwa na Kanali kwenye kamba, ni vita.

Ngoja nieleze kwa nini. Aina hii ya mbwa watu wengi huku wanaijua kwa ulinzi na kwa polisi, lakini jina lake linasema wazi kuwa ni mbwa wa mchungaji. Mwaka 1899 afisa mmoja wa farasi wa jeshi la Ujerumani, Max von Stephanitz, alimwona mbwa katika maonyesho ya mjini Karlsruhe, akamnunua papo hapo, akampa jina Horand von Grafrath, na mwaka huo huo akaanzisha chama cha kukuza aina hiyo. Kazi ya mbwa hao ilikuwa kukaa kati ya kondoo na mashamba yasiyo na ua. Kutwa nzima mbwa alikimbia mdogo mdogo kwenye mpaka, huku na huko, ili kondoo wasiingie kwenye mazao. Border Collie, yule wa mpakani mwa Uingereza na Uskoti, hufanya kazi kwa namna nyingine. Yeye huinama, huwakazia kondoo macho na kuwasogeza kwa kuwatazama tu. Lakini wote wametoka katika mpango mmoja wa zamani, mpango wa mnyama mwindaji. Kuona, kukodoa, kunyatia, kufukuza, kukamata, kuua. Wafugaji wa karne nyingi waliuacha mwanzo wa mpango huo ubaki na nguvu zote, wakaudhoofisha mwisho wake. Ni kama mwandishi wa programu aliyezima mistari miwili ya mwisho ya kazi fulani bila kuifuta.

Sasa mchukue kiumbe wa namna hiyo, mfungie kwenye ua wa nyumba za kupanga kutwa nzima ukiwa kazini, kisha jioni umtoe nje kwa kamba ya mita moja na nusu, mbele ya mbuzi 60. Ulitarajia nini?

Mimi nilitarajia atembee kama mbwa wa kwenye filamu. Badala yake alinivuta. Alinivuta kutoka mlangoni hadi getini, kutoka getini hadi kwa mama mboga, na mbuzi wakitokea alisimama kwa miguu miwili akilia kama mtoto aliyenyimwa andazi. Watoto wa jirani wakaanza kunitania. "Leo Kanali anakupeleka wapi?" Nami nilicheka nao. Nikajiambia ni ujana, ataacha. Wale mnaoandika programu mnalijua kosa hilo. Unaona kitu hakiendi sawa, unasema kitajirekebisha chenyewe, na unaendelea kuongeza mambo mengine juu yake.

Halafu ikaja ile jioni. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi saba na tulikuwa tumetoka wote watatu kunyoosha miguu. Simu ikalia, mteja. Nikampa mke wangu kamba nikamwambia, "Mshike kidogo tu." Nikageuka pembeni nizungumze. Sikuwaona mbuzi. Kanali aliwaona. Nilichosikia ni sauti ya mke wangu ikiita jina langu, na nilipogeuka alikuwa chini, ameangukia magoti na viganja, kamba bado imezunguka mkono wake.

Tulikwenda hospitali usiku ule ule. Mtoto alikuwa salama, mama pia, isipokuwa magoti yaliyochubuka na kifundo cha mkono kilichovimba kwa wiki moja. Lakini niliposubiri kwenye lile benchi la nje ya chumba cha uchunguzi niliahidi mambo mengi sana, na karibu yote yalikuwa ya kumwondoa mbwa.

Nyumbani mke wangu hakupiga kelele. Alisema, "Mimi simchukii Kanali. Lakini mtoto akija, siwezi kuishi na kitu ambacho sijui kitafanya nini." Kisha akasema tuna kama wiki 10. Ama mbwa awe amejua kutembea, ama awe amepata kwao kwingine. Nikakubali. Ningebishana na nini?

Jambo la kwanza nililofanya lilikuwa kosa, na ninaliandika ili wewe usilirudie. Nilimtafuta mtu mmoja anayefundisha mbwa wa ulinzi. Alikuja na mnyororo unaokaza shingo mbwa anapovuta. Mbuzi walipotokea alimkata mbwa kwa nguvu, Kanali akalia. Mara ya tatu hakuvuta tena. Nikafurahi, nikamlipa. Siku ya nne mbuzi walipotokea mbali kabisa, Kanali alianza kunguruma, manyoya ya mgongoni yamesimama. Hajawahi kuwangurumia mbuzi maishani! Hapo ndipo nilipoelewa alichojifunza. Hakujifunza kwamba kuvuta ni kubaya. Alijifunza kwamba mbuzi wakitokea, shingo inauma. Tulikuwa tumechukua mbwa mwenye hamu tukamfanya mbwa mwenye chuki, na chuki ina meno. Mnyororo ule nikautupa. Baadaye nilisoma kwamba chama cha Marekani cha madaktari wa mifugo wanaoshughulikia tabia za wanyama kilitoa msimamo wake mwaka 2021, kwamba mbwa wafundishwe kwa zawadi na si kwa maumivu. Ningelisoma mapema ningeliokoa pesa na shingo ya mbwa.

Basi nikarudi kwenye kile ninachokijua. Programu ikikusumbua, huanzi kuipiga kofi tarakilishi. Unaandika kinachotokea. Nikafungua lahajedwali nikaweka safu hizi: siku, saa, mahali, umbali kutoka kwa mbuzi kwa hatua, mara ambazo kamba imekaza, na safu ya mwisho, "mimi nilifanya nini". Safu hiyo ya mwisho niliiongeza kwa kutimiza wajibu tu. Kumbe ndiyo iliyokuwa na jibu.

Baada ya wiki moja nilihesabu. Kamba ilikaza mara 41. Kati ya hizo, mara 29 nilimfuata. Alivuta kuelekea kwenye nguzo ya umeme, nikaenda kwenye nguzo. Alivuta kuelekea getini, nikaongeza mwendo. Mara 12 tu nilisimama, na hizo ni siku ambazo sikuwa nimechoka. Nilikaa nikaitazama ile skrini kwa muda. Mbwa hakuwa na hitilafu yoyote. Mbwa alikuwa akifanya kazi barabara kabisa. Ukivuta, dunia inakusogelea. Hivyo ndivyo alivyofundishwa, na mwalimu wake alikuwa mimi, kila siku, asubuhi na jioni, kwa miezi.

Jambo hili si jipya. Mwaka 1898 Mmarekani Edward Thorndike aliandika juu ya paka aliowafungia kwenye masanduku, akaona kwamba tendo linaloleta matokeo mazuri hurudiwa. B. F. Skinner akalichimba zaidi, kitabu chake cha kwanza kikatoka mwaka 1938. Na kati ya yale yaliyogunduliwa, hili ndilo lililoniuma: tendo linalolipwa mara moja moja, bila mpangilio, ni gumu kufutika kuliko linalolipwa kila mara. Zile mashine za kamari za sarafu ya shilingi 20 zinatumia siri hiyo hiyo. Ingelikuwa hailipi kabisa, mtu angeondoka. Inalipa leo, kesho hailipi, kwa hiyo anabaki. Zile mara 12 nilizosimama na 29 nilizomfuata zilikuwa zimenigeuza mashine ya kamari, na mbwa wangu mchezaji asiyekata tamaa.

Haya, sasa dawa. Nitaiandika kama nilivyoibandika ukutani jikoni.

1. Kamba ikikaza, mimi ni mti. Sivuti, sisemi, sifoki. Nasimama. Kamba ikilegea hata kidogo, nasema "Poa!" na tunaendelea. Neno ni lile lile moja na linatoka papo hapo, kwa sababu linamwambia mbwa ni nukta gani hasa aliyolipwa. Ukichelewa sekunde tatu unakuwa umelipa kitu kingine.

2. Malipo yanatolewa hapa, kwenye mshono wa suruali yangu upande wa kushoto. Mbwa hukaa mahali anapolipwa. Ukimpa chakula mbele yako, atakuwa mbele yako.

3. Malipo yawe ya maana. Nilianza na mkate, akanitazama kwa huruma. Nikajaribu omena mkavu. Lo! Omena mmoja, "Poa!" moja. Tatizo likawa la kazini. Siku moja nilivaa koti lile lile nikaenda mkutanoni, na wenzangu wakatumia nusu saa kutafuta kama kuna kitu kimeoza kwenye kiyoyozi.

4. Fungo la kamba liwe kifuani, si shingoni wala mgongoni. Fundi wa mikoba pale stejini alinishonea mikanda inayozunguka kifua, yenye pete mbele. Mfikirie punda wa mkokoteni. Amefungwa ili aweze kusukuma kwa kifua chote, na ukimfunga mbwa pete ya mgongoni unampa nafasi hiyo hiyo. Pete ikiwa mbele, akivuta anageuzwa kidogo upande wako, na nguvu zake hazimsaidii. Mikanda haifundishi mbwa chochote, lakini inakupa nafasi ya kufundisha bila kuburutwa.

5. Usijaribu kitu kipya mbele ya wateja. Hii mnaijua. Kwanza kwenye mashine yako, kisha seva ya majaribio, kisha ndipo uwafungulie watu. Kwa Kanali: kwanza sebuleni, kisha uani, kisha nje ya geti saa ambazo hakuna kitu, na mwisho kabisa mbuzi.

Usiku wa kwanza sikufika hata uani. Niligundua kuwa hitilafu inaanza kabla ya geti, inaanza ninapoishika kamba. Kanali akiiona kamba aliruka, akazunguka meza, akabweka. Nami siku zote nilikuwa nikimfunga hivyo hivyo akirukaruka, tukatoka. Yaani nililipa fujo kabla hata ya safari kuanza. Basi niliishika kamba, akaruka, nikairudisha kwenye msumari nikaketi na chai yangu. Nikaishika tena. Akaruka, nikaketi. Nilihesabu mara 19. Mara ya 20 alibaki chini, anatetemeka kwa hamu lakini miguu yote minne iko sakafuni. "Poa!" Matembezi ya siku ile yaliishia mlangoni. Mke wangu alitazama yote hayo akiwa kwenye kiti, miguu juu ya mto, akaniuliza, "Na hivyo ndivyo mnavyofanya kazi ofisini?" Nikamwambia ndivyo hasa.

Wiki ya pili na ya tatu zilikuwa za uani. Nilitembea hatua tatu, nikageuka. Hatua tano, nikageuka. Nilizunguka kamba za nguo kama mtu aliyepotewa na funguo. Pia niliongeza kazi ya akili kabla ya kutoka. Nilificha omena kumi kwenye nyasi kavu ndani ya katoni nikamwacha azitafute kwa pua. Mbwa wa kazi asiyepewa kazi hujitafutia mwenyewe, na kazi anayoipata kwa kawaida huipendi. Dakika 15 za kunusa zilimtuliza kuliko nusu saa ya kuburutana barabarani.

Nje ya geti nilipata mshirika nisiyemtarajia. Mwenye wale mbuzi ni mzee mmoja wa Kimaasai, na maneno yake ya kwanza kwangu yalikuwa haya: "Kijana, huyo mbwa wako akigusa mbuzi mmoja, utanunua wote." Nikasema nimesikia, mzee. Kisha nikamweleza ninachojaribu, na nikamwomba ruhusa ya kusimama mbali kila jioni wakati anapopita. Akaniangalia kwa muda. Akauliza, "Kusimama tu?" Kusimama tu. Akacheka, akasema barabara si yake. Jioni iliyofuata nilimpelekea majani ya chai na kilo mbili za sukari, na tukawa tumeelewana.

Kwa mtu wa programu hii ilikuwa bahati kubwa. Hitilafu ngumu kabisa ni ile inayotokea bila utaratibu, leo ipo, kesho haipo. Yangu ilikuwa inapita mbele ya geti kila siku saa 11 na nusu, ikiwa na kengele shingoni!

Nilianza hatua 80 kutoka barabarani, nyuma ya ukuta wa jengo lisilomalizika. Hapo Kanali aliwaona mbuzi lakini bado aliweza kula. Hicho ndicho kipimo. Mbwa akikataa omena umesogea mno, hasikii tena, rudi nyuma. Nikajifunza kuusoma mwili wake. Kabla ya kuvuta kuna dalili. Masikio yanasimama, mdomo uliokuwa wazi unafungwa, macho yanaganda, uzito unahamia miguu ya mbele. Una kama sekunde mbili hapo. Wakati huo ndio wa kumwita jina lake, si baada ya kurupuka. Akiwatazama mbuzi kisha akanigeukia mimi, "Poa!" na omena watatu kwa pamoja. Siku za utulivu, nikasogea. Siku mbaya, nikarudi hatua kumi. Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba, kwa hiyo usiijaribu pale ilipo nyembamba ukitumaini leo itashika. Inenepeshe kwanza.

Kabla sijaendelea, neno moja kuhusu majirani. Wapo walioniona nimesimama pale na dubwana la kilo 36 wakavuka barabara, na mama mmoja alimnyanyua mtoto wake akakimbia. Sikuwalaumu. Huku kwetu mbwa wengi hufungwa mchana na kufunguliwa usiku, kwa hiyo mtu akikutana na mbwa barabarani mara nyingi amekutana na hatari. Na kuna kichaa cha mbwa. Shirika la Afya Duniani linasema mbwa ndio chanzo cha hadi asilimia 99 ya maambukizi ya ugonjwa huo kwa binadamu, na dalili zikishatokea karibu kila mgonjwa hufa. Kenya ilizindua mpango mwaka 2014 wa kuutokomeza ugonjwa huo kwa binadamu ifikapo 2030, na nguzo yake kuu ni chanjo ya mbwa. Kwa hiyo kama unafuga, mchanje mbwa wako na uitunze kadi yake. Na ukiumwa na mbwa, wako au wa jirani, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Usingoje kuona.

Wiki ya sita nilikuwa nimefika hatua 30 na nilikuwa nimeanza kujisifu. Ndipo mvua iliponyesha, barabara ikawa tope, na boda boda mmoja akapita karibu nasi kabisa akiwa amembeba mbuzi mzima nyuma, amefungwa, analia. Kwa Kanali hiyo ilikuwa sikukuu zote kwa pamoja. Aliruka, nikateleza, nikaburutwa kama mita nne nikiwa nimelala kifudifudi. Nilisimama nimejaa tope hadi kwenye meno. Na hapo, mbele ya wanafunzi waliokuwa wakitoka shule, nilimfokea mbwa wangu kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Nilimwita majina. Niliikata kamba kwa nguvu, mara mbili. Akajilaza chini, masikio nyuma, akaniangalia.

Nimeandika programu mbaya nyingi maishani na sijawahi kuona aibu kama ile. Kwa sababu niliutambua ule mtazamo. Ni ule ule alionipa siku ya mnyororo.

Usiku nilijaza lahajedwali. Mahali: barabarani. Umbali: hatua 2. Kamba: 1. Kwenye safu ya mwisho niliandika ukweli: "Nilimpiga kwa kamba kwa sababu watoto walikuwa wakicheka." Nikakaa na sentensi hiyo. Kisha nikarudi nyuma kwenye orodha na nikaona kitu kingine. Siku zote mbaya zilikuwa na saa zinazofanana, jioni ambazo nilitoka moja kwa moja kwenye simu za wateja. Nilikuwa nikimtoa mbwa nikiwa na kamba iliyokwisha kukaza ndani yangu. Kuanzia siku iliyofuata niliweka sheria ya sita ukutani: kama siwezi kutulia, tunacheza uani, hatutoki.

Nikaanza upya, hatua 60. Jambo la kushangaza ni kwamba hatukurudi mwanzo. Kilichomchukua wiki tatu mara ya kwanza kilimchukua siku tano. Kwa hiyo usikate tamaa mbwa wako akiharibu siku moja. Pia ujue kwamba ukiacha kulipa tendo la zamani, mara nyingi huzidi kwanza kabla ya kufa. Mtu akibonyeza kitufe cha lifti na lifti isije, haondoki. Anabonyeza mara kumi, kwa nguvu. Wengi hapo ndipo wanapolegea, wakalipa lile tendo likiwa baya kuliko mwanzo. Vumilia mibonyezo hiyo kumi.

Wiki ya tisa tulisimama hatua 10 kutoka barabarani. Mbuzi wakapita, kengele, vumbi, wale wadogo wakirukaruka. Kanali aliketi. Alitazama, akanitazama, akatazama, akanitazama. Mzee alisimama safari hii, akaegemea fimbo yake. Akauliza, "Unamlipa kwa kuangalia?" Nikasema ndiyo, mzee. Akatafakari. Mbwa wake wawili walikuwa nyuma yake, wadogo, wembamba, bila kamba. Wao hawachungi mbuzi, kazi yao ni kubweka fisi au mgeni akikaribia. "Mimi hawa nawalipa kwa kutolala," akasema, akaendelea na safari yake.

Mtoto alikuja wiki ya kumi na moja, msichana, siku nne baada ya tarehe tuliyopewa. (Hata yeye alijua miradi huchelewa.) Hakuna aliyezungumza habari za kumhamisha mbwa, na hakuna aliyesema abaki. Nilibaki kimya, nikaendelea na omena wangu.

Mtoto alipofikisha miezi miwili tulitoka sote jioni kwa mara ya kwanza. Mke wangu alikuwa amembeba mtoto kifuani kwa leso, mimi nina kamba. Tulipofika kwa mama mboga nilisikia kengele. Nikafanya nilichozoea, nikapunguza mwendo, nikatafuta nafasi pembeni. Mke wangu akaninyooshea mkono. Nilidhani anataka nimshike, nikaushika. Akautoa. Alikuwa anataka kamba.

Niseme ukweli, moyo wangu ulikuwa unapiga kuliko siku yoyote ya kuzindua programu. Nikamtwika mtoto mimi, nikampa kamba na omena wanne. Alisimama upande wa barabara, mgongo umenyooka. Mbuzi wakapita. Kanali akafunga mdomo, masikio yakasimama, na mke wangu, ambaye kwa miezi mitatu alikuwa akinitazama kutoka dirishani nikidhani hana habari na mambo yangu, akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Kanali." Mbwa akageuka. "Poa."

Kamba ilikuwa imelegea kiasi kwamba katikati yake iligusa vumbi.

Siwezi kusema kazi imekwisha. Paka bado ni hitilafu inayojulikana, imeandikwa, itashughulikiwa katika toleo lijalo. Siku za upepo bado anakuwa mgumu. Lakini zile 41 za wiki ya kwanza sasa ni mbili au tatu, na kila inapokaza naitazama safu ya mwisho kabla ya kumtazama mbwa. Nimeanza kufanya hivyo hata kazini. Mtumiaji akibonyeza pasipotakiwa, siulizi tena ana akili gani. Nauliza ni mimi niliyemlipa kwa nini abonyeze pale.

Kama una mbwa anayekuburuta, anza leo, anzia mlangoni, na nunua omena. Makala ya hifadhidata nitaileta nikirudi, nikijaliwa usingizi. Binti hatulali naye siku hizi, na kwake yeye sijapata bado neno la kusema wala kitu cha kulipa.

Kwaherini kwa sasa. Saa 11 inakaribia, na kuna mtu ameketi karibu na msumari wa kamba, miguu minne sakafuni, ananitazama.